Harusi ya Mlango wa Mbele

"Nishushe."

"Imebaki ngazi moja tu, mpenzi."

"Nimesema nishushe."

Seremala akamrudisha mchumba wake chini, akamkalisha kwenye kiti chake cha magurudumu. Watalii waliokuwa wakipiga makofi wakaacha. Siku hiyo walikuja kufanya mazoezi ya harusi yao kwenye jumba la kale, ambako yeye ndiye aliyetunza milango na madirisha. Wazo la kumbeba bibi harusi hadi mlangoni alikuwa amelipika wiki nzima, na alitegemea tabasamu.

"Sasa nimekosa nini?"

"Hukuniuliza. Umeninyanyua kama gunia mbele za watu."

Mchumba wake alikuwa mtangazaji wa redio, na hakuwa mtu wa kumung'unya maneno, hewani wala nyumbani.

"Basi twende nyuma. Kuna kitu nimekutengenezea."

Nyuma, ukishapita mapipa ya taka, mteremko wa mbao ulipanda ngazi moja fupi hadi mlango wa jikoni. Mbao zilipigwa randa zikalainika, na pembeni palikuwa na mshikio. Mtangazaji alipitisha kiganja juu yake. Ilikuwa kazi ya mtu anayependa, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Umeutengeneza vizuri, ukauweka pabaya. Kwa nini si mbele?"

"Mama kakataa. Anasema utaharibu sura ya jumba."

Mama yake ndiye aliyekuwa msimamizi wa jumba. Wote walimwita Mama Funguo.

"Na wewe ukamjibu nini?"

Seremala akatazama viatu vyake.

"Nimekuelewa. Jumamosi nitakuja na shela langu, nitakaa pale mbele, chini ya ngazi. Njia ikiwepo, tunaoana. Isipokuwepo, wageni wale chakula waende zao."

Walipoachana, seremala alimpigia simu, hakupokea. Jioni akamtumia ujumbe: "Mpenzi, ni ngazi tatu tu."

Jibu likaja: "Sikatai kubebwa na wewe. Nakataa jumba liamue lini nibebwe."

Alilisoma tena na tena, akaona haya. Kesho yake akamfuata mama yake ofisini.

"Mama, nauhamisha ule mteremko."

"Kwenye mawe yale ya ngazi haupigiliwi msumari hata mmoja. Sheria ya jumba unaijua."

"Hautaki msumari. Unakaa kwa uzito wake wenyewe."

"Hajawahi kuja mgeni wa kiti cha magurudumu akalalamika."

"Atalalamika kwa nani, naye anaishia getini? Kila siku unawaambia watu, mgeni njoo, mwenyeji apone. Aje kwa kupitia wapi, mama?"

"Mwanamke hata hajaingia, ameshaanza kunipangia nyumba."

"Ndiyo shida yenyewe. Hajaingia."

"Ukiuhamisha, harusini msinitafute."

"Nitaumia sana, mama. Lakini liwalo na liwe."

Mama Funguo akabeba funguo zake, akatokea mlango wa jikoni kama kawaida yake. Miaka mingi hakupita mlango wa mbele. Alidai lazima akague majiko.

Jumamosi gari la kaka yake bibi harusi lilisimama mbele ya jumba. Bibi harusi alikuwa amefumba macho, roho juu. Alimpenda yule mwanaume kwelikweli, na alikuwa tayari kurudi nyumbani bila yeye. Akafumbua.

Mteremko ulikuwa mbele, umeongezwa urefu ili usiwe mkali. Bwana harusi alisimama kando yake, suti imejaa vumbi la mbao.

"Nisamehe. Ningemjibu mama siku ile ile."

"Ungemjibu, ndiyo. Mama yuko wapi?"

"Hajaja. Nikusukume?"

"Hapana. Nifuate."

Akapanda kwa mikono yake mwenyewe, shela likiburuzika nyuma, mpaka mlangoni. Pale juu akalia bila kujificha, akamvuta bwana harusi kwa tai, akambusu.

Mara minong'ono ikasikika chini. Mama Funguo alikuwa amefika, amevaa nguo mpya. Alizitazama ngazi tatu, akajishika goti. Kisha akashika mshikio wa mteremko, akaanza kupanda taratibu.

"Msinitazame," alisema. "Napima tu kama ni imara."

"Karibu ndani, mama," bibi harusi akamwambia. "Na jikoni leo atakagua nani?"

"Jikoni wajikague wenyewe."