Daktari Asiyetaka Kuulizwa

Siku ya mnada Kinango, sauti ya Mbodze husikika mpaka stendi. Yeye ni dalali wa mbuzi.

"Huyu beberu kanona mpaka masikio! Nani anaondoka naye?"

Watu hucheka, kisha hununua.

Lakini Mbodze alikuwa na rovu, uvimbe wa shingoni. Lilianza dogo kama ndimu. Likakua kama chungwa, na akilala chali lilimbana koo. Alipopimwa hospitali, aliambiwa si saratani, ila linafaa kutolewa kwa upasuaji. Haikuwa dharura. Alikuwa na nafasi ya kujipanga.

Dzombo, mumewe, hakutaka kungoja. "Binamu yangu Boga anamjua daktari mmoja Ukunda," alisema. "Atakupasua Alhamisi."

Wakaenda. Daktari aliitazama shingo, kisha akaitazama simu yake.

"Daktari," Mbodze aliuliza, "upasuaji kama huu umewahi kuufanya?"

"Mama, unataka kunifundisha kazi?"

"La. Nasikia mtu anaweza kupoteza sauti. Nami nala kwa sauti yangu."

"Wewe njoo Alhamisi, ulale, uamke umepona. Maswali hayatibu."

Mbodze alichukua mkoba wake, akasimama. "Basi Alhamisi tafuta shingo nyingine."

Nje, Dzombo alifoka. "Umeniaibisha! Daktari hahojiwi!"

"Wewe hununui mbuzi bila kumfungua mdomo umtazame meno. Mimi shingo yangu niitoe nimefumba macho?"

Dzombo akatangulia mbele kwenda kupanda matatu.

Jioni alikuja jirani yao, Sista Loice, muuguzi wa chumba cha upasuaji. Dzombo alimshtaki mkewe kwake, akidhani ataungwa mkono.

"Kaka Dzombo, mkeo amefanya sawa," alisema Loice. "Kuuliza ni haki ya mgonjwa. Muulize daktari kama amesajiliwa na baraza la madaktari, na kama amesomea upasuaji huo. Amewafanyia wangapi? Nini kinaweza kuharibika, na kikiharibika atafanya nini? Nani atampa mgonjwa dawa ya usingizi? Damu ipo ikihitajika? Na mkitaka maoni ya daktari mwingine, msione haya."

"Na akikasirika?" aliuliza Dzombo.

"Akikasirika, jibu mmeshalipata."

Loice aliwaelekeza kwa mpasuaji mmoja Msambweni, Daktari Gillian. Mbodze aliuliza yote, bila kupunguza hata neno. Daktari aliweka kalamu chini, akajibu moja baada ya jingine. Akachora shingo kwenye karatasi, akamwonyesha mishipa ya sauti ilivyopita karibu na rovu.

"Nimewatoa wengi rovu," alisema. "Karibu wote walipona vizuri. Baadhi sauti zao zilikwaruza kwa wiki kadhaa. Mama mmoja sauti yake haikurudi kama zamani. Nilimweleza hatari hiyo kabla, na bado ninamfuatilia. Kwako nitaipima sauti kabla na baada."

Dzombo alimnong'oneza mkewe, "Umesikia? Amekiri mwenyewe! Tuondoke!"

"Ondoka wewe," Mbodze alisema kwa sauti. "Huyu amenieleza ubaya kabla sijaufikia. Atanipasua yeye."

Akapasuliwa. Alipozinduka alijaribu kuita, ikatoka pumzi tupu. Machozi yalimlengalenga. Daktari Gillian akaja, akamkagua, akamwambia mishipa ni mizima, apumzike. Wiki zilipita. Sauti ilirudi polepole, kwanza kama ya mwenye mafua, kisha ikakomaa.

Siku aliyorudi mnadani, Boga alimfuata katikati ya watu.

"Shemeji, yule daktari bado ana kinyongo nawe. Anasema una maswali mengi."

Mbodze akajifunga leso kiunoni. Akapaza sauti, soko zima likageuka.

"Mwambie aje anunue mbuzi! Hapa kwangu mteja anauliza mpaka achoke!"

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Dzombo.