Misa Iliyokatika Mlimani

Asubuhi ile maziwa aliyokamua Gormla yalinuka nta ya mshumaa uliozimwa, na mle nyumbani hamkuwa na mshumaa.

Jana yake mumewe, Diarmaid, alileta jiwe bapa kutoka bondeni akalitandika mekoni. "Jiwe ni jiwe," alisema. Lakini mlima mzima ulilijua. Serikali ya mfalme ilikuwa imepiga Misa marufuku, watu wakisali porini, na juu ya jiwe hilo padre mzee alipigwa risasi kabla hajamaliza Misa.

Adhuhuri jiwe likaanza kunong'ona Kilatini. Linasema, linanyamaza, linangoja kuitikiwa. Aliyeliitikia ni Sadhbh, binti yao mdogo, ambaye hakuwahi kufundishwa neno la lugha ile. Siku zikapita, mtoto hali wala halali, midomo imepasuka, na bado anaitikia.

"Lirudishe ulikolitoa," Gormla alinong'ona.

"Nimevunja mpini wa sururu, mke wangu. Halinyanyuki."

Gormla akapanda hadi pango alimojificha Padre Fiachra, kijana aliyesakwa wilaya nzima.

"Mama, askari wako darajani. Nikishuka mchana huu wataniona."

"Mwanangu anakufa, padre. Nikupigie magoti?"

"Usinipigie magoti. Niazime shali yako."

Akashuka amejitanda kama bibi kizee. Alipiga magoti mekoni, akaidaka Misa pale sauti ilipokuwa ikikatikia, na harufu ya nta ikajaa hadi wakakohoa, na mtoto akajipinda mgongo mikononi mwa baba yake, na sauti ya padre na sauti ya jiwe zikaenda pamoja, zikapandana, mpaka Gormla akashindwa kujua ipi ya aliye hai.

Kisha kimya.

"Mama," Sadhbh alisema, "kuna kiazi?"

Gormla alilia. "Mungu akulipe, padre. Jifunike, upitie nyuma."

Padre Fiachra alimjibu kwa Kilatini, kwa sauti ya mzee. Shali ikamdondoka. Diarmaid alimkamata mkono, akauachia upesi. Ulikuwa baridi kama wa maiti. Padre akafungua mlango, akashika njia ya darajani, mikono ameiinua kama yuko altareni.

Gormla akamziba mtoto masikio, wakangoja mlio wa bunduki.

Haikulia. Kutoka darajani walisikia askari, mmoja mmoja, wakianza kuitikia.