Dakika Ishirini na Mbili pale Mbingu

Jumapili, saa 9:40 alasiri

Octavian alisogeza spana pembeni, akatandaza karatasi mezani. Ilikuwa grafu. Odilia aliichapa ofisini Ijumaa na kuitoa nje imekunjwa mara nne ndani ya daftari.

Walikuwa wanne katika stoo ya nyuma ya gereji, Kibaoni, Ifakara. Mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani. Mvua ilipiga bati, na hiyo ilikuwa heri, kwani sauti hazikutoka nje. Octavian, mwenye gereji, alikuwa mtu wa makamo anayesema polepole kama katekista. Adolf alikaa juu ya tairi, mikono mipana juu ya magoti. Beatus alisimama mlangoni. Beatus ni kaka yake Odilia, tumbo moja.

"Tusomee," Octavian alisema.

Odilia akasoma. Kila Alhamisi saa tatu asubuhi lori la kampuni ya mbegu, ambako Odilia alikuwa akifanya mafunzo ya vitendo ya chuo, hutoka ghala la Ifakara na mbegu za mpunga kwenda Mlimba. Halina mlinzi. Halina utingo. Dereva ni mmoja, mzee. Chini ya dashibodi kuna kidude cheusi cha GPS ambacho kila dakika mbili hutuma ofisini mahali lilipo. Alikuwa amechambua safari kumi na mbili. Katika safari kumi na moja, lori lilisimama mahali palepale, kilomita mbili kupita kijiji cha Mbingu, kwenye njia panda isiyo na duka wala nyumba. Lilisimama wastani wa dakika ishirini na mbili.

"Anafanya nini hapo?" Adolf aliuliza.

"Data haisemi. Ila injini inazimwa na mlango unafunguliwa. Anashuka, anakwenda mahali."

Octavian alifuata mstari wa grafu kwa kidole chenye grisi, akauliza maswali. Je, mvua ikinyesha anasimama? Safari ile moja ambayo hakusimama, kulikuwa na nini? Odilia alijibu yote, na aibu aliyokuja nayo ikayeyuka kidogo. Grafu hiyohiyo aliionyesha ofisini wiki mbili nyuma. Aikande, msimamizi wake, alisema ni nzuri, aiweke kwenye folda. Hakuna aliyeifungua folda ile. Hapa, kati ya matairi chakavu, watu watatu wazima walikuwa wameinama juu ya kazi yake.

Mchongo ukapangwa. Mzee akishashuka na kupotea, Adolf na Octavian watapanda lori na kugeuza. Beatus atakichomoa kidude, ambacho kina betri yake ndani, atakifunga kwenye pikipiki na kuendelea nacho kuelekea Mlimba. Kwenye skrini ya ofisi nukta itatembea kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Na skrini inatazamwa na nani?" Octavian aliuliza, ingawa alijua.

"Mimi."

Odilia aliweka masharti mawili. Mzee asiguswe. Mbegu zisitupwe. Octavian aliapa kwamba zitakwenda Malinyi, wakulima wa huko watazinunua na kuzipanda, mpunga utaota tu. Odilia alilishika neno hilo kama mtu anayeshika kamba. Kisha akamtazama kaka yake. Miaka sita Beatus alikata miwa kwenye mashamba ya sukari ili yeye asome chuo. Siku alipomleta kwenye gereji hii alisema maneno mawili tu: "Nimeshawaambia utakuja."

Jumatano, saa 2:00 asubuhi

Kazi ya mwanafunzi wa fildi kitengo cha takwimu haina kelele. Odilia aliwaamkia wakubwa mmoja mmoja, shikamoo hii na shikamoo ile, akafuta vumbi mezani, akawasha kompyuta. Faili za mawakala zilikuwa zimeingia usiku, na zote zilikuwa chafu. Wakala wa Namawala aliandika kilo kwenye safu ya namba za simu. Mkulima mmoja aliandikwa mara tatu kwa majina tofauti. Mwingine alizaliwa mwaka 2091. Odilia alisahihisha mstari mmoja baada ya mwingine hadi macho yakawasha. Safu ya mwisho haikuwahi kumpa taabu. Iliuliza kama mbegu zimetiwa dawa, na jibu lilikuwa ndiyo, mistari yote mia nne na kitu. Ni sumu ya wadudu na ukungu. Kila gunia lilikuwa na alama ya fuvu jekundu.

Saa saba alikwenda kula kwa mama lishe nyuma ya ghala. Mzee Fulgensi, dereva, alikuwa kwenye benchi akimenya muhogo. Alimsogezea nafasi.

Odilia hakujizuia. Alimuuliza kama safari ya Mlimba haimchoshi, kama hapumziki njiani.

"Mwanangu, nitakwambia, ila usiwaambie wakubwa," mzee alisema, akishusha sauti. "Pale kupita Mbingu nashuka kidogo bondeni. Yupo mama yangu. Macho yalishapofuka. Namsongea ugali, namwosha miguu, narudi barabarani. Wakijua nasimamisha lori kwa mambo yangu, wataniachisha kazi."

"Siwezi kusema, mzee."

Mchana kutwa, kila alipofuta kosa kwenye faili, aliona miguu ya bibi asiyemjua ndani ya beseni.

Jioni alimwomba Beatus waache. Alimweleza habari za yule mama. Beatus alisikiliza hadi mwisho, akasema pikipiki imeshawekwa mafuta na Octavian si mtu wa kuambiwa samahani. Mzee akiwa bondeni kwa mama yake, hataona hata moshi. Si ndivyo yeye mwenyewe alivyochora?

Alhamisi, saa 3:04 asubuhi

Nukta ya kijani ilitoka ghalani. Magunia mia mbili na kumi.

Saa 4:30

Aikande aliomba grafu ya mavuno ya Malinyi kwa ajili ya kikao cha saa sita. Odilia akaanza kuichora. Mkono ulikuwa kwenye kipanya, jicho kwenye kona ya skrini.

Saa 4:51

Nukta ilisimama.

Alipaka nguzo ya kwanza ya grafu rangi ya bluu. Akaifuta. Akapaka kijani. Saa 4:53, imesimama. Saa 4:55, imesimama. Aikande aliuliza kama feni haimfikii, mbona anatoka jasho. Odilia akasema ni joto tu.

Saa 4:57

Nukta ikasogea.

Dakika sita. Odilia alihesabu tena kwa vidole chini ya meza. Dakika sita hazimtoshi mzee kushuka bondeni na kupotea machoni. Kuna kitu kilikuwa kimekwenda kombo.

Saa 5:05 alama nyekundu iliwaka kwenye skrini. Mwendo kilomita sabini na nane kwa saa, kwenye barabara ambayo lori lenye mzigo halifikishi arobaini. Mfumo uliuliza kama tahadhari imehakikiwa. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa kule gereji, kuzima tahadhari. Kidole chake kilikaa hewani. Kisha kikabonyeza ndiyo, na wekundu ukazimika.

Saa 5:16

Simu ilitetemeka. Akaenda chooni, akafunga mlango. Alikuwa Beatus, amesimama kando ya barabara, upepo ukivuma ndani ya simu.

"Mzee hakushuka," alisema. "Alikaa anakagua tairi. Adolf akakosa subira. Kampiga nondo."

"Yuko hai?"

"Alikuwa anapumua. Tumemlaza kwenye nyasi."

Odilia aliegemea ukuta. Aliuliza Malinyi watafika saa ngapi, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kushika.

"Hakuna Malinyi, Odi. Octavian kapanga mashine ya kukoboa Namawala, ile ya pembeni mwa bwawa. Inakobolewa leo hii hii. Kesho ni mchele sokoni."

"Kaka, mbegu zile zina sumu."

"Adolf anasema ikitoka ganda na sumu imetoka."

"Haitoki yote. Watu watakula. Watoto watakula."

"Sasa mimi nifanyeje? Mimi nimebeba kidude tu."

Simu ikakatika.

Saa 5:22

Alirudi kwenye kiti. Nukta ilikuwa inakwenda, njema, ya kijani, ikiinama kila barabara ilipoinama. Aliitazama. Adolf hakuwa kwenye ramani. Octavian hakuwa kwenye ramani. Lori halikuwepo, mzee aliyelala kwenye nyasi hakuwepo. Katika bonde zima la Kilombero kompyuta ile ilimwona mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye aliyemnunulia sare ya kwanza ya shule.

Akinyoosha kidole, kidole kitamwangukia Beatus.

Nguzo za Malinyi zilikuwa bado nusu. Aikande alikuwa akisema kitu kuhusu kikao. Odilia alisimama, kiti kikagonga ukuta.

"Dada Aikande, lori limeibwa. Hiyo nukta si lori."

"Ni nini?"

"Ni pikipiki." Alimwonyesha mwendo. Alimwonyesha dakika sita. "Mzee Fulgensi yuko pale liliposimama, ameumizwa. Mzigo umepelekwa Namawala, kwenye mashine iliyo pembeni mwa bwawa. Wanataka kuukoboa."

Aikande alitazama skrini, kisha akamtazama yeye. Mwendo na dakika vilikuwa kwenye skrini. Namawala haikuwepo. Alifungua kinywa kuuliza, akakifumba, akachukua simu na kupiga polisi.

Saa 6:40 mchana

Beatus alikamatwa kwenye kizuizi cha Mngeta, kidude kikiwa kimefungwa kwa mpira chini ya kiti cha pikipiki. Hakukimbia. Adolf walimkuta mashineni, pumba hadi kwenye kope. Octavian alitorokea dirisha la nyuma, akaingia mashamba ya mpunga yaliyojaa maji, na tangu siku ile hajaonekana.

Mzee Fulgensi alikuwa amepatikana na mtu mwingine kabla ya polisi. Mama yake aliisikia injini ikija, kama Alhamisi zote. Akangoja hatua. Akaisikia injini ikiondoka bila hatua. Alichukua fimbo, akapanda kutoka bondeni akipapasa, akiita jina la mwanawe, mpaka mkono wake ulipogusa shati lililolowa. Gari la polisi liliwakuta wamekaa hivyo, kichwa cha mzee kikiwa mapajani mwa mama yake, akimfukuzia nzi asiowaona.

Hakufa. Ila fuvu lilipasuka, na mkono wa kushoto haukunji vidole tena. Usukani umemshinda.

Magunia matatu yalikuwa yameshakobolewa. Mchele ulikusanywa, ukapimwa, na Odilia mwenyewe ndiye aliyepewa kuingiza hesabu. Kilo kumi na nne hazikuonekana. Mwenye mashine alisema mwanamke mmoja alipita na ndoo, akauziwa kwa bei nzuri, hakumbuki alielekea wapi. Magari ya matangazo yalizunguka Namawala hadi jua kuzama. Hakuna aliyejitokeza.

Ijumaa, saa 4:15 asubuhi

Ofisini walimpigia makofi. Mkurugenzi alipiga simu kutoka Morogoro akitaka kusikia sauti ya binti wa fildi aliyewanasa majambazi kwa kompyuta. Folda ilifunguliwa hatimaye. Grafu ya dakika ishirini na mbili ilichapwa kwa rangi na kubandikwa ukutani. Watu walipita wakiisoma na kutikisa vichwa. Aikande peke yake hakupiga makofi. Alikaa mezani kwake, akizungusha kalamu.

Odilia aliomba ruhusa. Alipika ugali na kambale, akafunga bakuli kwa kitambaa, akaenda kituo cha polisi.

Beatus alisogea kwenye nondo. Alikuwa na siku moja tu ndani, lakini mashavu yalikuwa yameshaingia. Alimega tonge, akalitazama.

"Ulijua nukta ile ni mimi?"

"Nilijua."

Alitafuna muda mrefu. Odilia alingoja atukanwe, akaona afadhali matusi.

"Adolf atasema lake, lakini jina lako halijui. Anakujua kama mdogo wangu tu," Beatus alisema. "Mimi sijamtaja mtu. Rudi kazini. Hapa usije tena."

Alimrudishia bakuli kupitia kwenye nondo, akampa mgongo.

Odilia alitembea hadi kaunta. Askari wa zamu, mama mmoja mnene mwenye miwani, aliuliza kama chakula kimeshapokelewa na kama kuna jingine.

"Lipo jingine, afande. Nataka kuandikisha maelezo."

"Ya nani?"

"Yangu."

Kutoka mahabusu sauti ya Beatus ilipaa juu, kubwa, ya mtu aliyezoea kuita wenzake shambani. "Afande, huyo mtoto amechanganyikiwa kwa ajili yangu. Hajui lolote. Mrudisheni nyumbani."

Askari alimtazama Odilia juu ya miwani. Odilia hakugeuka nyuma. Alishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili.

"Mimi ndiye niliyewaonyesha mzee anasimama wapi," alisema. "Andika hivyo kwanza."

Beatus aliita tena, safari hii jina la Odilia tu. Askari akafungua ukurasa mpya.