Abiria wa Kiti cha Nyuma

Helmeti ya pili ilikuwa na joto ndani.

Masafa aliiokota sakafuni saa saba mchana, jua limejaa dirishani, akaingiza mkono apanguse vumbi, akakuta sponji ina joto na unyevu, kama mtu kaivua sasa hivi. Helmeti ile haikuwahi kuvaliwa na kichwa cha binadamu. Alimnunulia swahiba wake, waliyepanga kuvuka naye mipaka sita kwa pikipiki moja. Wiki ya kuondoka, swahiba akapata kazi na akapata akili kwa mpigo. Masafa akaondoka peke yake. Mtu akishautangazia mtaa mzima kwamba barabara zote ni zake, atabakije nyumbani? Angeanza kupitia vichochoroni.

Sasa barabara ilikuwa imemjibu. Mguu wa kushoto ulifungwa plasta kutoka vidoleni hadi juu ya goti, mzito kama gunia la saruji, na mwenyewe amelala chumba cha nyuma ya gereji, nchi ya watu, lugha ya watu, wiki ya tano. Mwenye gereji ndiye aliyemwokota. Fundi huyo aliwahi kuendesha malori ya mbali, akajifunza Kiswahili hukohuko njiani, kwa hiyo katika mji mzima Masafa alikuwa na mtu mmoja tu wa kuongea naye. Fundi akaitengeneza pikipiki, akaiegesha humo chumbani mgonjwa aitazame, kama mtoto anavyowekewa mwanasesere. Lakini mchana fundi alikwenda kufukuzia magari yaliyoharibikia njiani, na mkewe alikwenda kufundisha watoto shuleni. Nyumba ilibaki na Masafa, magongo mawili na nzi.

Simu? Wiki ya kwanza ililia mpaka ikapata moto. Wiki ya pili wakatuma vikatuni vya kulia. Wiki ya tatu mama yake peke yake, naye dakika mbili tu, salio limekata. Bingwa wa barabara zote akawa anahesabu mbao za dari.

Kwa hiyo aliposikia shokapu za pikipiki zikilia nyiii, polepole, kama zinavyolia mtu mzito akikaa kiti cha nyuma, hakupiga kelele. Aligeuza kichwa. Kiti kilikuwa kimebonyea. Chumba kikajaa harufu ya vumbi lililonyeshewa, na nje hakukuwa na wingu.

"Mguu unaumaje leo?" sauti ikauliza.

Usimcheke. Wewe kaa siku thelathini na tano bila mtu kukuuliza swali hilo, halafu uje kucheka.

Masafa akajibu, "Unaniwasha."

Alijua kitu hicho kilikotoka. Kulikuwa na nyika moja aliyoivuka siku tatu bila kuona hata mbuzi. Waendao mbali peke yao wana tabia hiyo: wanaongea na kiti cha nyuma. Swahiba, umeuona mlima ule? Swahiba, umelala nini? Siku ya tatu alisimama kujisaidia kando ya jiwe jeusi, akarudi, akapiga kiti kofi kwa utani: "Umepanda? Haya, shika vizuri." Na pikipiki ikashuka nyuma. Akadhani tairi limepungua upepo. Akalibonyeza; limejaa. Akacheka, akaendelea.

Kila aliyewahi kubeba abiria anajua: ukiinamia kona, abiria ainame na wewe. Akiogopa akainamia upande wa pili, pikipiki inagoma. Kwenye kona ya kwanza baada ya nyika, pikipiki ya Masafa iligoma.

Wakawa wanaongea kila mchana, yeye na yule. Alimsimulia mitaa, wasichana, mipaka, uongo wote aliokuwa amewawekea washkaji wa nyumbani. Yule alicheka panapostahili. Siku ya nne akashuka kwenye kiti, akaja kukaa kitandani, godoro likazama, na Masafa akasikia vidole juu ya plasta, halafu vidole ndani ya plasta, mahali ambapo hata unyasi haupiti, vya baridi, vyenye subira, vikipapasa muundi mpaka vikafika pale ulipovunjika, vikaingia katikati ya mfupa na mfupa na kuanza kuitenganisha taratibu, kama mtu anayefungua kurasa zilizogandana, huku sauti ikimwambia sikioni, kwa upole kabisa, upole ambao hata mama yake hakuwa nao, "Ukipona utaondoka."

Hospitali, daktari aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga, akaongea kwa muda mrefu. Fundi akatafsiri kwa ufupi.

"Anasema mfupa haujaunga hata kidogo. Kama umevunjika jana."

"Halafu?"

"Alhamisi wanapiga tena. Ukiwa hivihivi, wanapasua. Na huenda..." Fundi akajikuna kidevu. "Huenda wakaukata, ndugu yangu."

Masafa akamweleza yote, garini, kwa kunong'ona, kama mtoto aliyekojoa kitandani. Fundi hakucheka. Jioni ile akaja na mganga: mama mfupi, viatu vya raba, anatafuna kitu. Hakufukiza wala hakuomba kuku. Aliizunguka pikipiki mara moja, akanusa kiti cha nyuma, akasema maneno machache akiwa tayari mlangoni.

"Anasema yeye hawezi kumtoa," fundi akatafsiri, sauti chini. "Hajakuingia. Ni abiria wako, ulimpandisha mwenyewe. Abiria hushushwa na dereva. Unamwambia 'Tumefika', anashuka. Basi."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Subiri. Pale unapomwambia tumefika, ndipo kwake. Ndipo atakapoishi. Kwa hiyo mpaka uende mahali pasipo watu." Fundi akamshika bega. "Mimi nitakupeleka na gari Jumapili, nikikokota pikipiki, mpaka nyikani. Umenisikia? Si humu, ndugu yangu. Mimi nina mke."

"Kaka, mimi mtoto mdogo? Nimesikia."

Jumapili ilikuwa mbali. Alhamisi ilikuwa keshokutwa.

Jumatano saa saba, jua kali, shokapu zikalia. Harufu ya vumbi bichi. Godoro likazama, na safari hii yule hakuuliza mguu unaumaje, aliingiza vidole moja kwa moja, na Masafa, aliyewahi kusema mbele ya watu kwamba hajawahi kulia tangu azaliwe, akalia, akauma shuka, akaita mama, akaona kwa macho ya akilini mguu wake ndani ya ndoo, magongo ya maisha, mtaa mzima ukimpisha kwa huruma, bingwa wa barabara zote anavushwa barabara, na kabla hajajua kama ameamua au hajaamua, mdomo ulikuwa umeshasema.

"Tumefika."

Vidole vikatoka. Godoro likapanda. Nyayo zikatembea sakafuni bila haraka, kama za mpangaji anayekagua chumba, zikapita mlangoni, zikaingia ndani, upande wa wenye nyumba.

Masafa alilia tena, na ukweli usemwe: safari hii hakuwa analilia mguu.

Alhamisi mfupa ulikuwa umeanza kushika. Daktari alipiga picha mara mbili, haamini. Jumapili Masafa akamwambia fundi safari ya nyikani isubiri mguu upone. Wiki sita baadaye Masafa alipanda pikipiki yake. Mke wa fundi alimpungia mkono akitabasamu. Fundi alimkumbatia.

"Sasa yule, tukusindikize nyikani?"

"Usisumbuke, kaka. Nitamshusha nikipita. Mimi ndiye dereva."

Nyikani alipita spidi mia na ishirini, mdomo umefungwa.

Miezi mitatu ilipita. Nyumbani walimpokea kishujaa. Alikuwa katikati ya kusimulia mpaka wa nne, washkaji wamemzunguka, simu ikaita. Fundi. Akajitenga pembeni.

"Ndugu yangu, habari za siku? Shemeji yako ameanguka. Ngazi mbili tu. Mguu. Mwezi wa pili huu yuko kitandani, mfupa haushiki. Nina swali, usinifiche. Yule ulimshusha wapi?"

Nyuma ya sauti yake, mbali, ndani ya nyumba, Masafa alimsikia mwanamke akiongea kwa furaha, akisita kama anayesikiliza jibu, kisha akicheka.

"Nyikani, kaka. Mbali kabisa."

"Aaa." Fundi akashusha pumzi ndefu. "Afadhali. Basi ni mfupa tu. Nilishaanza kuogopa bure."

"Mpe pole shemeji," Masafa akasema, akarudi kwa washkaji kumalizia mpaka wa nne.