Mbeleko Inayomfaa Bonge

Msusi alikuwa akisuka wateja huku amembeba mwanawe kifuani. Mtoto alikuwa na miezi minne, mnene, na baba yake alimwita Bonge.

Kibebeo alipewa zawadi na wifi yake. Kilikuwa na mikanda myembamba, na kati ya miguu ya mtoto kulikuwa na kipande kidogo tu cha kitambaa. Bonge alining'inia, akalia kutwa. Jioni mabega ya mama yaliwaka moto.

"Vumilia tu, mke wangu," alisema mumewe.

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi! Hebu mbebe wewe."

Siku moja Bonge alinyamaza. Msusi akashukuru, akaendelea kusuka. Mteja wake, mkunga wa zahanati, alimwona mtoto kwenye kioo. Akaruka kutoka kitini, nywele nusu zimesukwa.

"Mama Bonge! Mtoto hapumui vizuri!"

Kidevu kilikuwa kimegandamana na kifua, pua imezama kitambaani. Mkunga akainua kile kichwa. Bonge akavuta pumzi, akaangua kilio. Msusi akaketi sakafuni, akimkumbatia mwanawe.

"Nilidhani amelala," alisema, machozi yakimtoka.

"Hukujua, mwanangu. Twende tukampime."

Zahanati walimkuta mzima. Kisha mkunga akampeleka msusi kwenye duka la vitambaa.

"Chagua kilichofumwa vizuri, kipana, chepesi, kinachopitisha hewa," alisema. "Kivute kwa mshazari. Kinyumbuke kidogo, kirudi. Kisilegee kama soksi kuukuu."

Msusi alivuta vitambaa vitano.

"Mama, unanunua au unashindana navyo?" muuzaji aliuliza. Wote wakacheka.

Msusi akanunua kimoja, na mkunga akamfungia Bonge kifuani palepale. "Kitambaa kitoke goti hadi goti. Magoti yawe juu kuliko makalio, kama chura aliyekaa. Akae juu kifuani, uweze kumbusu utosini. Uso uuone muda wote. Kidevu kiwe mbali na kifua. Funga kwa kubana, kisha tandaza kitambaa mabegani mwako. Na ukishika pasi ya nywele au maji ya moto, mshushe kwanza."

"Na wifi? Atasema nimeidharau zawadi yake."

"Mwambie ukweli. Yeye ni shangazi. Anampenda mtoto kuliko mikanda."

Msusi akampigia simu, akasimulia yote. Wifi akasema, kwa sauti ya chini, "Nisamehe, wifi yangu. Nilitazama rangi tu. Nakuja unifundishe kufunga."

Alikuja Jumapili. Mara ya kwanza alifunga vibaya, Bonge akateleza kidogo mikononi mwao. Msusi akafungua, wakaanza upya, polepole. Mara ya tatu Bonge alikaa sawasawa kifuani mwa wifi, mashavu yake yakionekana, akapiga miayo na kulala.

Msusi alinyoosha mgongo. Haukuuma.

"Haya, wifi, nirudishie mwanangu," alisema baada ya saa nzima.

"Mwana gani?" wifi alijibu, akielekea uani. "Huyu ni wangu mpaka aamke."