Tangazo Lisilopita

Saa nane za usiku redio ndogo juu ya kabati ilikohoa.

Naomie alifumbua macho gizani. Kituo cha redio kilikuwa kimefungwa tangu saa tatu, yeye mwenyewe ndiye aliyezima mtambo na kutia kufuli, na ufunguo ulikuwa ndani ya mkoba wake, palepale chini ya kitanda. Baada ya saa tatu hakuna kitu kwenye masafa yale, ni mchakacho tu kama wa mafuta kwenye kikaango, na kelele hiyo ndiyo iliyomlaza mtoto wake Emilie kila usiku, kwa hiyo redio haikuzimwa. Lakini sasa ilikohoa, kikohozi kizito cha mzee anayesafisha koo kabla ya kuongea mbele za watu. Kisha sauti ya mwanamke ikaanza kusoma polepole.

"Tangazo la kifo. Marie-Jeanne Bolamba, wa Mangobo, anawajulisha ndugu wote wa Yanonge kwamba baba yake, Papa Zéphirin Bolamba, fundi wa kuchonga mitumbwi, ameaga dunia..."

Sauti ilikuwa ya Naomie mwenyewe.

Aliirukia redio akatoa betri, moja ikamponyoka ikabingirika chini. Alipogeuka, Emilie alikuwa ameketi kitandani, macho wazi. Hakulia.

"Koko anakohoa," alisema mtoto.

Koko ni babu. Emilie alikuwa na miaka miwili na nusu, na babu zake wote wawili walikufa kabla hajazaliwa.

Tangazo lile Naomie alilijua. Alilirekodi Jumanne ya wiki iliyopita, na halikupita hewani hata mara moja, na hilo hakuna aliyelijua isipokuwa yeye. Ndiyo ilikuwa kazi yake pale redioni, kusoma matangazo ya vifo. Mtu akifa Kisangani, ndugu zake walio mtoni huambiwa na redio. Saa kumi na mbili za jioni Yanonge nzima hunyamaza kusikiliza majina, na wakisikia la kwao wanapanda mtumbwi usiku huohuo waje kulia. Jina lisiposomwa, mtu amekufa kwa jirani tu. Kwa watu wake bado yuko hai.

Na lililotokea Jumanne ile ni dogo mno, hata kulisimulia ni aibu. Jirani anayemlea Emilie alikuwa ameenda shambani, basi mtoto alishinda studioni, na kufika saa kumi na moja alikuwa analia bila kukoma. Naomie akaunganisha seva na intaneti ya simu yake ili amtafutie katuni. Seva ile ndiyo iliyoshika kila kitu, muziki, habari, matangazo, na haikuruhusiwa kabisa kugusa intaneti. Fundi wao, Franck, alibandika karatasi kwenye skrini kwa herufi kubwa: USIUNGANISHE. Naomie aliisogeza karatasi kidogo kwa kidole ili katuni ionekane vizuri. Haikufika hata nusu, ujumbe wa kusasisha mashine ukatokea: mise à jour iko tayari, unakubali? Akakubali kama mtu anavyofukuza inzi. Mashine ikajizima, ikawaka, ikajizima, ikawaka, kisha skrini ikabaki buluu tupu na redio ikanyamaza mji mzima. Naomie akachomoa simu yake. Akarudisha karatasi mahali pake.

Asubuhi Marie-Jeanne alikuja, kitambaa cheusi kichwani.

"Mama, communiqué ya papa ilipita? Kwa kilio hatukuwasha redio."

"Ilipita, mama. Mara tatu."

Kwa nini alisema mara tatu, hata yeye hakujua. Alhamisi Papa Zéphirin alizikwa na binti yake na majirani wanne. Kutoka Yanonge hakuja mtu.

Franck alihangaika na seva siku tano. Alisema mise à jour yenyewe ilikuwa mbovu, imeharibu mashine nyingine pia. Akatoa diski, akaiunganisha na kompyuta yake, akaanza kuvuta faili moja moja kama mtu anayeokoa vitu katika nyumba iliyofurika, akilala chini ya meza na kula mikate ya jana. Alipomaliza, mkurugenzi, Papa Bavon, aliwaita wote wawili.

"Nani aliunganisha mashine?"

Franck alimtazama Naomie. Hakumshuku, alitaka tu aseme kwamba jioni ile yeye Franck hakuwepo.

"Mashine iko ya Franck, papa," Naomie alisema. "Miye nasoma tu."

Franck akaambiwa akae nyumbani mpaka aitwe. Alipotoka alimwachia Naomie maelezo kwenye karatasi, kwa mwandiko mzuri, na chini akaandika: bon courage, jipe moyo. Usiku uliofuata ndio redio ilipokohoa.

Faili zilirudi bila majina. Zilikuwa mia nane na zaidi, namba tupu, na ilibidi Naomie azisikilize moja moja kwa vipokea sauti, ajue hii ni nini, aiandikie jina. Asubuhi ile alisikiliza nyimbo za kwaya, tangazo la sabuni, kicheko cha mtangazaji aliyehama zamani. Namba mia nne kumi na saba ikaanza kwa kikohozi.

Alitaka kuvua vile vipokea sauti na mikono haikusogea. Sauti yake ilisoma tangazo lote jinsi alivyolisoma, kisha haikuishia pale alipoishia. Iliendelea, tulivu, na pumzi zake zilezile: "Marehemu anaacha binti yake Marie-Jeanne, dada yake Pétronille, na mjukuu wake Emilie."

Emilie alikuwa chini ya meza akichezea waya. Naomie alimvuta, na miguu ya mtoto ilikuwa imelowa mpaka magotini, na nje kulikuwa na jua kali.

"Umekanyaga wapi maji?"

"Koko ananipeleka mutoni."

Alifuta faili ile. Kesho yake ilikuwepo, na ilikuwa imerefuka kwa nusu dakika. Alipokuwa anaisikiliza chumba kilijaa harufu ya mbao mbichi zilizochongwa sasa hivi, na ya lami ya kuzibia mitumbwi, na mtoto akakataa chakula, uji akakataa, ndizi akakataa, akawa baridi, si homa, baridi ya kitu kilicholala majini. Naomie alimpeleka kwa mama wa maombi, akampaka mafuta, akamwombea, kisha akamwangalia Naomie.

"Kuna kitu unaficha?"

"Hapana, mama."

"Mimi siwezi kufunga mlango kama wewe umeushika."

"Hakuna kitu, mama, ni mutoto tu anaumwa." Na akaenda zake akitembea haraka, kwa sababu kusema moja kungeleta la pili, tangazo lingeleta simu, simu ingeleta Franck, na kazi ingeisha.

Ijumaa saa nne za asubuhi hakuifungua faili. Ilijifungua. Vipokea sauti vilikuwa mezani na sauti ilitoka ndani yake ndogo kama mdudu ndani ya kopo, sauti yake, sauti ya Naomie, lakini sasa ilikuwa imechoka na imezeeka, ikasoma kwamba Papa Zéphirin Bolamba amewangoja watu wake siku kumi, amekaa mlangoni, amesafisha koo, ameita, hakuna aliyekuja, na kwa kuwa mtu hawezi kuvuka peke yake bila hata mmoja wa damu yake, basi amechukua aliyemkuta, na kesho Jumamosi kabla jua halijazama ataondoka pamoja na mjukuu wake Emilie, na ndugu wote waliosikia wawajulishe wengine. Emilie, aliyekuwa amelala kwenye kanga pembeni, akafungua mdomo wake mdogo na kukohoa kile kikohozi.

Naomie alimfunga mgongoni akatoka bila kufunga mlango.

Marie-Jeanne alikuwa nje ya nyumba yake, anamenya ndizi za kuuza. Naomie alipiga magoti kwenye maganda.

"Mama Marie-Jeanne, communiqué haikupita."

"Communiqué gani?"

"Ya papa."

Kisu kilisimama.

"Uliniambia mara tatu."

"Nilidanganya, mama."

"Moja haikukutosha, ukatia tatu!" Alicheka kicheko kikavu. "Unajua nilifanya nini? Nilimutumia shangazi Pétronille maneno kwa mutu wa baleinière, boti inayoshuka Yanonge. Nilimwambia, mulimwacha yaya, kaka yenu mukubwa, azikwe kama mbwa, musiweke tena mguu kwangu. Damu yangu ile! Sina wengine!"

"Niko na haya, mama, nasikia haya..."

"Haya yako nitaipika na nini? Simama." Ndipo alipomwona Emilie, kichwa kimelala upande, macho nusu. "Mutoto iko na nini?"

Naomie alimwambia. Alieleza kwa kukimbia, maneno yakigongana, simu, katuni, Franck, faili, maji, Jumamosi. Marie-Jeanne hakumkatiza. Aliinama akanusa nywele za mtoto, akabaki hapo muda mrefu.

"Hii ni papa," alinong'ona. "Alikuwa anarudi jioni na harufu hii." Akapiga ishara ya msalaba. "Hakupenda kusafiri peke yake. Hata kwenda sokoni alikuwa anatafuta mutu. Donc, twende. Utasoma leo, na miye nitakuona ukisoma."

Saa kumi na mbili kamili Naomie hakuitumia seva. Alifungua mikrofoni akasoma kwa mdomo wake, hewani, na Marie-Jeanne alisimama nyuma ya kioo na Emilie mikononi. Alisoma jina, akalirudia. Alisema kwamba Papa Zéphirin amekwisha kuzikwa, kwamba watu wa Yanonge hawakuitwa, kwamba kosa si la binti yake wala la ndugu. "Kosa ni..." alisema, na aliona mlangoni Papa Bavon amesimama, mikono mfukoni, anasikiliza. "Kosa ni la mashine."

Nyuma ya kioo Marie-Jeanne aliinamisha uso.

Jumamosi walishinda ufukweni pale mitumbwi inapotia nanga. Mchana ulipita. Boti zikaja za mkaa, za mihogo, za abiria, hakuna wa Yanonge, na jua likaanza kushuka upande wa chini wa mto, na Emilie mgongoni mwa mama yake akazidi kuwa mzito, mzito si kama mtoto anayelala, mzito kama mtu mzima anayejiegemeza, hata Naomie akapiga goti moja, kisha la pili, na alikuwa anasali na anahesabu vidole vya mtoto kwa mkono wake nyuma, ni baridi, ni baridi, hiki nacho ni baridi, mpaka Marie-Jeanne akapiga kelele na kunyoosha mkono. Mtumbwi mrefu wenye mota ulikuwa unakuja, na mbele yake amesimama bibi mwembamba mwenye kitambaa cheupe.

Kabla haujagusa mchanga, Emilie aliinua kichwa.

"Petro," alimwita yule bibi kwa sauti nzito, yenye manung'uniko. "Umechelewa."

Wanaume ndani ya mtumbwi walizima mota. Bibi Pétronille hakupiga kelele. Alishuka majini mpaka magotini, akachota maji kwa kiganja, akamwagia mtoto miguuni, mara moja, mara mbili.

"Yaya," alisema taratibu, kama anayemwamsha mlevi. "Tulichelewa kwa sababu hatukuitwa. Sasa tumekuja, na watoto wa ndugu zako wamekuja. Shuka mugongoni kwa mutoto ya watu, yaya. Mtumbwi ni wako, wewe mwenyewe uliuchonga. Panda tuende."

Mtumbwi ukalala upande. Wote waliuona. Ulizama kidogo mbele, kama unavyozama mtu mnene akiweka mguu, ukayumba, ukatulia, na kwenye ubao wa mbele hapakuwa na mtu. Mgongo wa Naomie ukawa mwepesi ghafla. Emilie akaanza kulia, kilio cha njaa, chenye kamasi na hasira, na Naomie akamshusha akamkumbatia na vidole vyote kumi vilikuwa vya moto.

Wanawake wa Yanonge walianza wimbo wa msiba palepale mchangani. Marie-Jeanne alimkumbatia shangazi yake, wakalia, wakaombana msamaha. Baadaye alikuja alipokaa Naomie akimlisha mtoto kipande cha mkate.

"Shangazi anajua ni mashine. Nimemwachia hivyo."

"Asante, mama."

"Na yule kijana Franck?" Marie-Jeanne aliuliza kwa sauti ya chini. "Papa alikufa, njo maana alipata njia ya kuingia ndani ya redio. Huyo iko muzima. Hawezi kuingia popote. Atakaa tu kwao."

Naomie alitazama mkate. Alijua neno linalotakiwa, lilikuwa limefika kwenye ulimi, fupi, na nyumba ya kina Franck haikuwa mbali. Alimtazama Emilie anavyotafuna.

"Mama, nakuomba," alinong'ona, na alijisikia mwenyewe anavyonong'ona. "Papa Bavon akijua, huyu nitamulisha nini?"

Marie-Jeanne alimtazama bila hasira, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Bon," alisema, akafunga kitambaa chake upya. "Nakuahidi. Sitamwambia mutu mwingine. Hata huyo Franck."