Makofi ya Katonga

"Kaka, umewakanyaga dagaa wangu," alisema Marcelina pale mwaloni Katonga, wachuuzi wakigombania ndoo na injini za boti zikinguruma.

Leodgar, fundi wa injini hizo, ovaroli imelowa mafuta, alitazama chini ya buti lake. "Nisamehe, dada."

"Waombe wao."

Akachuchumaa, akawaomba dagaa msamaha mmoja mmoja. Marcelina, khanga ya njano ikimteleza begani, alicheka mpaka akakaa chini. Mapenzi yakaanzia hapo.

Mwaka haujaisha, Leodgar akaacha kulala. Akasema yeye ndiye Mwami, mfalme wa ziwa. Asipoliamuru, litameza watu.

Haya, kitendawili: mwenzake akivunjika mguu huletewa uji, yeye akiugua huletewa makofi. Hamjui? Mgonjwa wa akili. Maana wavuvi wazima, na ndevu zao, walimchutamia wakimpigia makofi, kama sisi Waha tunavyowaamkia wakubwa. "Mwami, tuliza upepo." Kisha wanacheka. Salamu ya babu zetu wameigeuza fimbo ya kumchapia mgonjwa. Hawana haya.

Marcelina naye alikosea. "Wewe fundi tu, acha upuuzi," alimfokea.

"Kumbe na wewe ni mwenzao," Leodgar akajibu, na simu zake hakupokea tena.

Marcelina akaenda kwa nesi. "Usibishane naye, wala usimkubalie," nesi akamwambia. "Sikiliza hofu yake, kisha umlete."

Siku ya upepo mkali makofi yakalia tena. Leodgar alikuwa majini hadi kiunoni, anasukuma mtumbwi kwenda kuyaamuru mawimbi. Marcelina alifika mbio, mguu mmoja hauna kiatu.

"Mkono utakaopiga tena nitaung'ata," aliwaambia wale wavuvi. "Wewe Elia, mama yako angeugua hivi ungempigia makofi?"

Wakashusha mikono. Akaingia majini na gauni lake.

"Mpenzi, unaogopa nini?"

"Ziwa linaniita. Nikilala, watu watazama."

"Mimi siyasikii unayoyasikia. Ila naona umechoka. Twende hospitali, nitakaa na wewe."

"Watanicheka."

"Waanze na mimi."

Akauachia mtumbwi.

Matibabu yalichukua miezi. Wale wapiga makofi, Marcelina hawasalimii mpaka leo, na asiwasalimie. Jioni moja simu yake ikaita.

"Marcelina, siku nyingine bado nasikia ziwa linaniita."

"Unalijibuje?"

"Naliambia nina mke nyumbani."

"Mke gani? Umeoa lini?"

"Ndiyo maana nimekupigia."